Walishika jembe ili wadogo zao washike kalamu

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yanapotoka, nyumba za Kasulu na Kibondo zenye watoto waliofaulu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hushangilia. Fungu la pili hushangilia kidogo, kisha mzazi hukaa kimya akihesabu: sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula, na pengine chumba cha kupanga ikiwa shule iko mbali. Ada ya sekondari iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, ada ilikuwa sehemu tu ya mzigo, na sehemu iliyobaki bado huwarudisha watoto shambani.

Wilaya yetu imekuwa jirani wa wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 ikapokea maelfu ya Warundi. Kwa mazoea, tumemwona mkimbizi kuwa mtu wa kupangiwa na kugawiwa. Habari ya wenzao waliokimbilia Uganda inatutaka tufikiri upya.

Katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, magharibi mwa Uganda karibu na Ziwa Albert, mwaka 2005 vijana kadhaa walianzisha umoja wao. Waliuita COBURWAS, jina lililounganishwa kutokana na majina ya nchi walizotoka na nchi iliyowapokea: Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Miongoni mwa waasisi walikuwamo Benson Wereje na Joseph Munyambanza, wote wakiwa wametoka Kongo. Munyambanza alikuwa na umri wa miaka 14 tu. Hawakuwa na ofisi, mfadhili wala gari. Walichokuwa nacho ni mikono yao na uchungu wa kuona watoto wenye akili wakiishia darasa la saba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana hawa hawakungoja kupewa. Walilima mahindi, wakauza, na fedha iliyopatikana ikalipia masomo ya wenzao. Aliyetangulia darasa alimfundisha aliye nyuma. Elimu ya sekondari ilipohitaji kwenda mjini Hoima, walianzisha hosteli huko, wanafunzi wakaishi pamoja na kusaidiana kazi za nyumbani. Baadaye wakafungua shule ya msingi palepale Kyangwali, yenye kupokea watoto wa mataifa yaliyokuwa yakipigana.

Juhudi hizo ziliwafungulia milango wao wenyewe. Wereje na Munyambanza walipata nafasi katika chuo cha African Leadership Academy, Johannesburg, na Munyambanza akaendelea na shahada nchini Marekani. La kuzingatia ni kwamba kusoma mbali hakukuwasahaulisha walikotoka. Umoja uliendelea, na waliosomeshwa nao wakarudi kuwasomesha wengine.

Mfano wa namna hii haukomei Afrika. Nchini Ufilipino, mwaka 1997, Efren Peñaflorida akiwa bado mwanafunzi wa sekondari aliunda kundi na rafiki zake katika mji wa Cavite. Watoto wa mitaa duni walikuwa wakivutwa na magenge, basi vijana hao wakapakia vitabu, ubao na kalamu kwenye mkokoteni, wakausukuma hadi makaburini na kwenye majalala, wakafundisha hapo hapo. Mwaka 2009 shirika la habari la CNN lilimtangaza kuwa shujaa wa mwaka. Mkokoteni tunaoujua sisi kwa kubebea magunia uligeuzwa darasa.

Ni haki pia kusema kwamba mazingira hayalingani. Uganda huwapa wakimbizi wa makazi kama Kyangwali kipande cha ardhi, na sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Kwetu, mkimbizi wa Nyarugusu hahesabiwi huru kutoka kambini bila kibali. Kijana wa kambini hawezi kuiga kila hatua ya wenzake wa Kyangwali. Lakini sisi wenyeji, tulio na mashamba na uhuru wa kwenda sokoni tutakapo, tutatoa udhuru gani?

Waislamu tuna urithi mpana katika jambo hili. Wahyi wa kwanza kumshukia Mtume (SAW) ulianza na amri ya kusoma. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Na Ansari waliwapokea Muhajirina kwa kugawana nao walichokuwa nacho. Kati ya makundi manane yanayostahiki zaka, mafukara na masikini ndio wanaotajwa mwanzo, na mtoto wa nyumba hizo anaijua njaa ya darasani kuliko sisi.

Basi kila msikiti uwaulize vijana wake swali moja: nani katika mtaa huu amefaulu na hajaripoti shuleni? Wenye ardhi watenge hata robo ekari ya maharage iwe wakfu, na mavuno yake yanunue madaftari. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaosubiri matokeo watumie miezi hiyo kuwafundisha wadogo zao hesabu madrasani baada ya Alasiri. Hesabu za mapato zisomwe hadharani kila baada ya mavuno, kwani amana isiyoonekana huzaa manung'uniko.

Munyambanza na wenzake walianza wakiwa watoto, ugenini. Vijana wetu wako kwao, na mvua za kupandia zitafika kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mzazi, usiku wa leo mwambie mwanao habari hii, kisha msikilize atakalokujibu.