Si Kila Giza la Macho ni Uzee

Huku kwetu Pwani, mzee akianza kupapasa ukuta akielekea msalani, jamaa husema: "Ndio utu uzima huo." Hupewa mjukuu wa kumshika mkono, na mambo yakaishia hapo. Kauli hii imewaacha wengi gizani bila sababu.

Kweli umri una mchango wake. Ukipita miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa, ukaanza kusogeza msahafu au simu mbali ndipo usome. Hilo dawa yake ni miwani.

Mtoto wa jicho ni jambo jingine. Lenzi hufanya ukungu, rangi zikafifia, na taa za magari usiku zikamtia mtu kiwi. Huu ndio ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu, na bado unatibika. Daktari hutia jicho ganzi, akatoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Kwa kawaida mgonjwa hurudi kwake siku iyo hiyo. Asali na matone ya dukani haviuondoi.

Wa kuogopwa zaidi ni glakoma, yaani presha ya macho. Mara nyingi haiumi. Huua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na huanza kula uoni wa pembeni. Mtu huona vizuri mbele yake huku akijigonga milangoni. Kilichopotea hakirudi, matone ya kila siku hulinda kilichobaki, kwa hivyo usiyaache kwa kuwa huoni tofauti. Mzazi au ndugu yako akiwa nayo, nawe kapimwe.

Wenye kisukari nao wachunguzwe macho kila mwaka, kwani sukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho hata kabla mtu hajahisi lolote.

Tahadhari pia na matone ya kununua bila cheti cha daktari. Yenye steroidi hutuliza wekundu, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta hiyo hiyo presha ya macho na mtoto wa jicho.

Nyumbani huwezi kujua ni ugonjwa upi. Basi kabla hujamnunulia mzee mkongojo, mpeleke kwenye kliniki ya macho, iwe hospitali ya kaunti au Kwale Eye Centre, apimwe presha ya jicho na kuangaliwa nyuma yake. Akiwa na mtoto wa jicho, huenda akaziona tena nyuso za wajukuu. Ikiwa ni glakoma, kila mwezi mnaongoja una gharama yake.