Ng'ombe, nambari ya simu na ile alama ya kuuliza katika baze ya data

Wengi wetu tukimaliza chuo hapa Goma, kazi ya kwanza tunayopata si ya shamba, ni ya ankete. Unapewa telefone yenye KoboToolbox, unapanda moto mpaka Rutshuru ao Masisi, unauliza wakulima maswali, jioni unatuma. Kisha kuna mutu ofisini anayeingiza majibu katika baze ya data. Siku moja huyo mutu atakuwa weye, njo maana naandika.

Katika baze, kila kolone iko na aina yake, na inatangazwa mbele jibu lolote halijaingia. INTEGER ni namba nzima: watoto, mbuzi, mifuko. NUMERIC inakubali sehemu, kama hekta 0.75 (kwa nukta, sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika virgule, na baze haiielewi). TEXT ni maandishi. DATE ni tarehe.

Wengi wanaanguka kwa nambari ya simu. Iko na tarakimu, basi wanasema ni namba. Lakini je, utajumlisha siku moja simu ya mama mmoja na ya jirani yake? Ukiweka INTEGER, ile 0 ya mwanzo inapotea. Ukianza na 243, tarakimu zinakuwa 12, na INTEGER ya PostgreSQL inaishia 2147483647: inakataa. Mama aliyekimbia kijiji chake, ujumbe wa kumwita kuchukua mbegu haumfikii, naye atafikiri walimusahau kusudi. Simu ni TEXT.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Kilo za maharage ukiziweka TEXT, baze inazipanga kama maneno: 100 inakuja mbele ya 20, na mwenye kilo 9 anapita wote.

SQLite, ambayo wengi wetu tunaanza nayo, ni mpole kupita kiasi. Kolone ya INTEGER ukiiletea neno «mingi», inalipokea bila kusema kitu. Tangu 2021, toleo 3.37, unaweza kuongeza STRICT mwisho wa CREATE TABLE, sasa inakataa.

Tuje kwa ng'ombe. Angalieni hii:

INSERT INTO mifugo (aina, idadi) VALUES ('ng'ombe', 4)

Apostrofu ya kwanza inafungua maandishi. Baze inasoma ng, inakuta apostrofu ingine, inasema maandishi yameisha. Ombe inabaki inje, rekete inakufa. Mbuzi anapita, kuku anapita, nguruwe anapita. Kama programu inaruka makosa kimyakimya, ripoti itasema Masisi hakuna ng'ombe hata mmoja. Masisi!

Kuna wanaofuta apostrofu na kuandika «ngombe». Hiyo ni kuharibu jibu la mkulima ili kompyuta ifurahi. Afazali jibu lisiingie kabisa ndani ya rekete, unaliachia nafasi:

INSERT INTO mifugo (aina, idadi) VALUES (?, ?)

Kisha unatuma "ng'ombe" na 4 pembeni. SQLite inasoma amri kwanza, inaielewa, njo inapokea majibu. Ni kama karatasi ya ankete: maswali yamechapwa tayari, mkulima anajaza kwenye mustari. Hata aandike nini pale, swali halibadiliki. Kwa hiyo mutu mwenye nia mbaya akiandika kipande cha amri mahali pa jina lake, kitabaki jina tu, la ajabu, lakini jina.

Alama yenyewe inategemea chombo. Python na SQLite ni ?, PostgreSQL yenyewe ni $1, $2, na psycopg ni %s. Hiyo %s inadanganya watu: wanafikiri s ni ya maandishi, basi kwa idadi wanaandika %d. Hapana, ni %s hata kwa namba. Aina inajulikana kwa kitu unachotuma, si kwa alama. Tena musizungushie ? apostrofu: '?' ni maandishi yenye alama ya kuuliza, basi.

Kitu kimoja alama hii haiwezi: kushika nafasi ya jina la kolone ao la tabo. Kama mutumiaji anachagua kupanga kwa idadi ao kwa kijiji, weka majina hayo mwenyewe katika liste ndani ya programu, na lile lisilo kwenye liste ulikatae.