Sumu ya Mshale na Mlango wa Moyo

Oktoba 2024, shirika la wanyamapori nchini Kenya, KWS, lilihamisha ndovu 50 kutoka Hifadhi ya Mwea hadi Mbuga ya Aberdare. Mwea ina ukubwa wa kilomita mraba 42 tu. Ilikadiriwa kutosha ndovu 50, nao walikuwa wamefika 156. Baada ya habari hizo msomaji mmoja wa Siakago aliniuliza: "Kama ndovu wa tani kadhaa analazwa kwa kisindano kilichofyatuliwa kutoka kwenye helikopta, mababu zetu nao walimwangushaje kwa mshale, ilhali Wazungu walihitaji bunduki nzito?"

Bunduki nitaimaliza upesi. Risasi huua kwa nguvu. Lazima ivunje kitu ambacho mnyama hawezi kuishi bila hicho, na ndiyo maana mwindaji wa masafa marefu huhangaika na upepo, mteremko na darubini. Hata uzito wa bunduki si hoja kubwa. Mskoti W. D. M. Bell aliua zaidi ya ndovu 1,000, mara nyingi kwa bunduki ya kawaida ya kiwandani yenye risasi ya milimita 7, kwa kuwa alijua vizuri ubongo umekaa wapi ndani ya lile fuvu kubwa. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Mei 1977, iwe ni kwenye ardhi ya umma au ya mtu binafsi. Tanzania bado hutoa leseni.

Mshale haukuhitaji kufika kwenye ubongo. Ulihitaji kuigusa damu tu, kazi iliyobaki ikafanywa na mti.

Mti wenyewe ni msunguti, Wakamba wanauita kivai, Wamaasai olmorijoi, na wataalamu wa mimea Acokanthera. Mafundi walichemsha vipande vyake kwa saa nyingi hadi maji yakawa ujiuji mweusi, mzito kama lami. Ujiuji huo ulipakwa nyuma ya kichwa cha mshale, kisha ukafungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi usikauke wala kumchubua mwenyewe. Mwindaji aliufungua ukanda akiwa tayari amemnyemelea mnyama hadi hatua chache. Wata wa Tsavo waliwaangusha ndovu kwa njia hiyo, na Wambeere, Watharaka na Wakamba walikuwa watu wa upinde na sumu vilevile.

Ndani ya lami ile kuna kemikali iitwayo ouabaini, jina lililotoka kwa Wasomali na sumu yao, wabayo. Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888. Inachofanya ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote.

Chukua matatu iliyosimama stejini Siakago. Hiyo ndiyo seli ya moyo. Mlangoni yuko makanga mwenye sheria moja: kila zamu ateremshe abiria watatu, apandishe wawili. Wanaoteremka ni sodiamu, wanaopanda ni potasiamu. Kila zamu analipwa sarafu moja ya nishati, ile ambayo wanakemia huiita ATP, na bila malipo hafanyi kazi. Utauliza, mbona sodiamu haiishi ndani? Ni kwa sababu kila pigo la moyo hufungua madirisha, na sodiamu iliyosongamana nje, ambako ni nyingi mara kumi na zaidi, huruka ndani. Makanga huwatoa. Madirisha hufunguka tena. Anafanya hivyo mchana na usiku tangu hujazaliwa, na tofauti hiyo kati ya ndani na nje ndiyo umeme wa moyo wako.

Matatu hii ina pia mlango wa nyuma, wa kuzunguka, usio na makanga. Unasukumwa na abiria wenyewe: sodiamu watatu wakijisukuma kuingia, mlango unazunguka na kumtoa kalsiamu mmoja. Kalsiamu ndiye anayeuamuru msuli ukaze, hivyo lazima atolewe ili msuli ulegee.

Sasa ouabaini inafika kwa njia ya damu. Haiingii ndani. Inasimama kwenye ngazi, upande wa nje, na kumbana makanga asiweze kugeuka. Sodiamu inajaa ndani. Ikishajaa, walio nje hawana tena msukumo wa kuingia, mlango wa nyuma unazunguka polepole, na kalsiamu inabaki garini. Moyo unakaza kwa nguvu, unakaza zaidi, unapoteza mpigo wake, kisha unasimama. Ndovu ameuawa na moyo wake mwenyewe ukifanya kazi kupita kiasi.

Wasomi wetu humwita makanga huyo kimeng'enya, kwa sababu anavunja ATP. Siridhiki. Neno hilo limetoka kwenye kumeng'enya chakula, na mwanafunzi akilisikia anafikiria tumbo. "Pampu" nayo inamkumbusha mtu maji ya shambani yakienda upande mmoja, ilhali huyu anapeleka na kurudisha. Mimi ningesema kivushi, kutokana na kuvusha, jinsi sarufi ilivyopata kitenzi kutokana na kutenda. Kivuko tumekiachia feri ya Likoni. Kivushi kiwe cha seli.

Kwa kipimo kidogo, kumbana kivushi ni tiba. John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi na baadaye balozi mdogo Zanzibar, aligundua mapigo ya moyo wake yamebadilika baada ya mswaki wake kugusana na sumu ya mishale iitwayo kombe, ya mmea wa ukoo mmoja na msunguti. Digoksini wanayopewa wagonjwa wa moyo hospitalini hukibana kivushi hichohicho. Kisindano cha madaktari wa KWS ni jambo jingine: dawa yake, etofini, huenda kwenye ubongo, nayo ina dawa ya kuizima.

Kivushi chenyewe kiligunduliwa na Jens Skou wa Aarhus, Denmaki, katika mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, akachapisha mwaka 1957. Hakuwa na hakika amekamata nini. Mwaka uliofuata, mkutanoni Vienna, Mmarekani Robert Post alimuuliza kama kimeng'enya chake kinazuiwa na ouabaini. Skou akapiga simu maabarani kwake wajaribu. Kilizuiwa. Mwaka 1997 alipewa Nobel ya Kemia kwa ugunduzi huo, na kipimo kilichomthibitishia kilikuwa sumu ya mshale.