Ketobeli ya dukani au mkebe wa zege: Kipi kinajenga misuli?

KATIKA vichochoro vya Laini Saba na Gatwekera mtaani Kibera, na vilevile nyuma ya vibanda vya mabati karibu na Barabara ya Naivasha huko Kawangware, si ajabu kumkuta kijana akiinua paipu ya maji ambayo ncha zake mbili zimechomekwa katika mikebe ya rangi iliyojazwa zege. Hicho ndicho chuma chake, na ndicho chuma cha marafiki zake wote.

Hata hivyo, picha na video za mitandaoni zimewafanya wengi kuitamani ketobeli, yaani uzani wa chuma wa mviringo kama tufe wenye mpini mnene juu yake. Swali linalowakabili ni iwapo inafaa kijana anayeishi kwa kibarua ajinyime wiki kadhaa ili aununue, au mkebe wake unatosha.

Ketobeli yenyewe haikuzaliwa katika ukumbi wa mazoezi. Nchini Urusi ilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka sokoni, kabla ya watu kuanza kushindana kuiinua. Kipimo kilichotumika kiliitwa pudi, takriban kilo 16.4, na ndiyo sababu ketobeli zinazojulikana zaidi hadi leo ni za kilo 16, 24 na 32: pudi moja, moja na nusu, na mbili. Kwa hiyo anayeucheka mkebe wa Kibera kwamba ni chombo cha kuungaunga anasahau asili ya chombo anachokisifu.

Misuli nayo haijui chuma kimetoka wapi. Uchanganuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba misuli hunenepa kwa kiasi kinachokaribiana, uwe uzani mzito au mwepesi, mradi mwinuaji aendelee hadi nguvu zimwishie. Tofauti hujitokeza katika uwezo wa kuinua mzigo mkubwa mara moja, ambao hujengwa vyema zaidi kwa mizigo mizito.

Ketobeli pia ina ushahidi wake. Nchini Denmark, utafiti uliotolewa mwaka 2011 uliwahusisha watu wazima 40, na kundi moja lilifanya mazoezi ya ketobeli mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Maumivu ya shingo, mabega na kiuno yalipungua, ingawa pumzi yao haikuongezeka. Anayetarajia mapafu ya mwanariadha kutokana na ketobeli pekee, basi, heri akimbie.

Umbo lina maana hasa katika zoezi moja: kuubembeza uzani kati ya miguu na kuurusha mbele hadi kifuani. Hapa mkebe hushindwa. Zege lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa lita, ilhali chuma cha kusubu hupita kilo 7. Zege la kilo 16 basi huchukua karibu lita 7, na chuma cha uzito huohuo lita 2 na kidogo. Pipa la lita 7 likipita kati ya magoti litayagonga, na makali ya bati yataikwaruza ngozi.

Kwa mazoezi mengine yote, ya kuchuchumaa, kuinua kutoka sakafuni, kuvuta kuelekea tumboni au kutembea na mzigo mkononi, mtungi wa plastiki unatosha. Mtungi wa lita 10 uliojazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 16, yaani pudi ileile ya Warusi. Mchanga una faida kuliko maji, kwani mtungi ambao haujajaa maji huyumba na kumvuta mwinuaji upande.

Jambo linalostahili tahadhari kubwa kuliko aina ya chombo ni mpini. Mafundi wa jua kali wa Gikomba na Kamukunji wanaweza kuchomelea mpini juu ya kipande cha chuma, na paipu ya maji ya inchi moja, ambayo unene wake wa nje ni karibu milimita 34, inalingana na mipini ya ketobeli za mashindano. Lakini maungio yakiachia wakati wa kubembeza, kilo 16 za chuma huruka kama jiwe la kombeo, na katika vichochoro ambamo watoto hucheza hatua tatu mbele, hilo si jambo la kubahatisha. Uzani uliochomelewa ufaao ni wa kuinua polepole tu. Wa kubembeza uwe umesubiwa pamoja na mpini wake.

Paipu ya mkebe nayo ipitishiwe vipande vya nondo ndani ya zege ili isichomoke, na zege limwagiliwe maji kwa siku saba angalau kabla ya kutumiwa. Mikebe miwili inayofanana kwa macho huweza kutofautiana kwa kilo moja au mbili kutokana na kokoto, na bega moja likabeba zaidi kila siku. Mizani ya muuzaji wa vyuma kuukuu humaliza ubishi huo kwa dakika chache, kisha uzito ukaandikwa kwa rangi ubavuni mwa mkebe.