"Buda, Hii ni i7!": Soma Namba ya Prosesa Kabla Utoe Doo

Ukipiga raundi Moi Avenue ama Luthuli ukitafuta kompyuta ya mezani ya ex-UK, salamu ya kwanza ni "Buda, hii ni i7!" Bei nayo inapanda hapo hapo. Shida ni kwamba "i7" pekee yake haikuambii kitu. Ni kama msee ajigambe alikuwa namba moja darasani, bila kusema kama ni darasa la nne ama kidato cha nne.

Soma namba, achana na stika

Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Kwa Intel, hizo i3, i5 na i7 ni cheo tu ndani ya kizazi kimoja. Kizazi chenyewe kiko kwa namba inayofuata.

Chukua i7-2600. Hiyo 2 ya mwanzo ni kizazi cha pili, kitu ya 2011, na iko na kori nne. Sasa weka kando ya i5-8500: kizazi cha nane, ya 2018, kori sita. Hiyo i5 "ndogo" inaiacha i7 kwa vumbi, na imepimwa wati 65 wakati mzee ni wati 95. Ukiona namba tano, kama i5-12400, soma mbili za kwanza: kizazi cha 12.

Stika yeyote anaweza kubandika. Ambia muuzaji awashe mashine, ufinye Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha ufungue Performance. Jina lote la prosesa litatokea hapo.

Mbona kizazi cha nane?

Microsoft iliacha kushughulikia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa Intel za kawaida, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, ni Ryzen nyingi za 2000 kwenda juu.

Fundi anaweza kuilazimisha Windows 11 kwa mashine ya kitambo, lakini Microsoft haiahidi kwamba itapata apdeti. Na hii ndiyo mashine utatumia kuingia eCitizen, KRA na benki. Bila apdeti za usalama, ni kama kulala na mlango wazi.

Kazi yako ni gani?

*Assignment, kazi za mtandaoni na muvi:* i3-8100 ama i5-8500 inatosha kabisa. Doo ikibaki, nunua SSD na uongeze RAM. Prosesa kali ikifungwa na diski ya kuzunguka bado itakusotesha.

*Kuediti video na kutengeneza biti:* Hapa kori zinalipa. Angalia i5-12400 ama Ryzen 5 5600. Zote ziko na kori sita, na kila kori inashika kazi mbili kwa mpigo.

*Gemu:* Mara nyingi mzigo mkubwa hubebwa na kadi ya grafiki, so usimalize chapaa yote kwa prosesa. Pia chunga herufi ya mwisho. i5-12400F haina grafiki ya ndani, na Ryzen 5 5600 pia haina. Bila kadi, skrini itabaki giza. Ryzen 5 5600G ndiyo iko nayo.

"Utabadilisha tu baadaye"

Hiyo laini itakuingiza box. Madabodi ya kizazi cha sita na saba iko na soketi inaitwa LGA1151, na ya kizazi cha nane pia inaitwa hivyo hivyo. Lakini ukichomeka prosesa ya nane kwa madabodi ya saba, Intel haiikubali. Afadhali soketi ya AMD ya AM4, ambayo imebeba Ryzen za kwanza hadi za 5000, bora tu madabodi yako ipate BIOS inayoitambua. Na zile ex-UK ndogo za ofisini ziko na nafasi finyu na pawa saplai ya kivyake, kwa hivyo kadi kubwa ya gemu haiingii.

Msee akikuambia "ni i7," swali lako ni moja: ya kizazi gani? Akianza kuzunguka mbuyu, songa duka linalofuata.