Injini kuukuu za Marekani: Bei yake iko kwenye namba

Mwaka 1969 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilitengeneza magari 69 tu aina ya Camaro yaliyofungwa injini ya ZL1, yenye bloku ya aluminiamu. Injini hiyo iliongeza bei ya gari kwa zaidi ya dola 4,000, wakati Camaro ya kawaida, nzima, iliuzwa chini ya dola 3,000. Yaani injini ilikuwa ghali kuliko gari lililoibeba.

Magari ya jamii hiyo Wamarekani huyaita magari ya misuli: milango miwili, umbo la wastani, injini kubwa kupita kiasi. Enzi yake ilikuwa katikati ya miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenyewe waliyaendesha bila huruma. Injini ikipasuka kwenye mashindano, ilitolewa ikafungwa nyingine, na ile ya kwanza ikasukumwa pembeni ya gereji au ikauzwa kwa mwenye shida. Ndiyo maana leo kuna magari mengi ya aina hiyo yasiyo na injini zake, na injini nyingi zisizo na magari yake.

Hapo ndipo biashara inapoanza. Gari lililobaki na injini lililotoka nayo kiwandani hupata bei ya juu kuliko pacha wake mwenye injini ya kuazima. Kwa hiyo injini iliyopotezana na gari lake ina bei mbili. Ya kwanza ni bei ya kila mtu, yaani ya chuma kizuri kinachoweza kufanya kazi. Ya pili ni bei ya mtu mmoja tu duniani: yule mwenye gari ambalo injini hiyo ilitoka. Kama gari lilishakatwakatwa kuwa chuma chakavu, bei ya pili haipo kabisa.

Kumpata mtu huyo kunategemea namba. Hapa kwetu kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini pia, hivyo mtu angedhani kazi ni kuuliza ofisini tu. Marekani sivyo. Majimbo mengi yaliwahi kusajili magari kwa namba ya injini, lakini tangu miaka ya 1950 hati ya gari imefuata namba ya gari lenyewe. Bahati nzuri, kuanzia magari ya mwaka 1968 viwanda vikubwa vya huko viligonga sehemu ya namba ya gari kwenye bloku ya injini.

Tuchukue mfano wa Camaro Z/28 ya mwaka 1969, ambayo zilitoka 20,302. Mbele ya bloku, chini kidogo ya silinda hedi ya upande wa kulia, pana uso mdogo wa bapa. Tuseme umegongwa V0212DZ. Herufi V ni kiwanda cha injini cha Flint. 0212 ni tarehe 12 Februari. DZ ni injini ya inchi za ujazo 302, ambayo mwaka huo ilifungwa kwenye Z/28 peke yake. Kando yake pana 19N na tarakimu sita. Namba 1 ni Chevrolet, 9 ni mwaka 1969, N ni kiwanda cha magari cha Norwood, Ohio, na zile sita ni zamu ya gari katika kiwanda hicho. Injini imeshataja gari lake.

Lakini msomaji asikimbilie kutoa pesa. Nyuma ya bloku ipo namba nyingine, iliyoinuka, iliyotoka na kalibu wakati chuma kinasubiwa. Moja ya namba za injini ya DZ ni 3970010, na kalibu hiyo hiyo ilitumika miaka ya 1970 kwa injini za kawaida za inchi 350, zikiwemo za malori mepesi. Injini hizo mbili zina kipenyo kimoja cha silinda. Mjanja huchukua bloku ya lori, husaga ule uso mpaka namba za zamani zifutike, halafu hugonga DZ na namba ya gari lolote analotaka. Kwa chuma cha bei ya chini anauza ndoto ya bei ya juu.

Mnunuzi mzoefu hutazama mambo mawili. Kwanza mikwaruzo: mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma juu ya uso ule. Uso laini kama kioo, au wenye mikwaruzo ya mviringo, umeshasagwa. Yawezekana ni kazi halali ya fundi aliyekarabati injini, lakini ushahidi umeondoka nayo. Pili ni tarehe. Kalibu huacha herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja ya mwaka: B 5 9 ni tarehe 5 Februari ya mwaka unaoishia na 9, ambao waweza kuwa 1969 au 1979. Chuma lazima kisubiwe kabla injini haijaunganishwa, na injini iunganishwe kabla gari halijatoka. Mpangilio huo ukivunjika, hakuna la kujadili.

Zipo pia bloku zilizogongwa CE. Hizo Chevrolet ilizitoa kama mbadala chini ya dhamana, hazikuwa na namba ya gari tangu mwanzo. Usipoteze nauli kuzitafutia mwenyewe.

Namba ikishapita mtihani, kinafuata kutafuta gari. Kwa Ford, kampuni ya Marti Auto Works ina leseni ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji kuanzia magari ya 1967. Pontiac wana huduma ya PHS inayotoa ankara za kiwandani kuanzia 1961. Chrysler walihifadhi kadi za magari hadi 1967 tu. Chevrolet ndio wagumu: tawi la General Motors la Kanada hutoa kumbukumbu za magari yaliyouzwa huko, lakini ya Marekani kwa sehemu kubwa hayana. Jina la mwenye gari nalo halitolewi ovyo, kwa sababu sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inazibana idara za usajili. Kinachobaki ni vyama vya wapenzi wa magari hayo, daftari za wanachama wao na matangazo ya kuuza na kununua.

Sasa hesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, injini ina thamani ya dola 5,000 kwa yeyote, na mwenye gari angelipa 15,000. Kama nafasi ya kumpata ni moja kati ya tano, ile ziada ya 10,000 ina thamani ya 2,000 mkononi mwako leo. Ukitoa gharama za kutafuta na pesa kulala miaka kadhaa, kulipa zaidi ya 6,000 na ushei ni kamari. Wauzaji wengi hutaka 12,000 papo hapo kwa sababu "namba ipo". Namba bila gari ni nusu ya bidhaa.

Mwenye injini naye awe na tahadhari. Asiupige msasa ule uso kabla ya kuupiga picha. Anapotangaza, afiche tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari: akizitoa zote, ampe mwenye gari kazi ya kuthibitisha nini? Anayedai injini ni yake azitaje mwenyewe, na namba yake ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye giaboksi na sehemu zilizofichika za bodi. Malipo yakae kwa mtu wa tatu hadi fundi wa mnunuzi aione bloku kwa macho.