Motokari ya mazuti: tuhesabu kilometa kabla ya kuhesabu dola



Katika vikundi vyetu hapa Lubumbashi, neno moja linarudi kila mara kitemo kinapokaribia kufika kwa mtu: tununue motokari. Nauli ya Likasi inakula faida, mizigo ya Kasumbalesa inalipiwa kwenda na kurudi, na watoto wanachelewa masomo. Halafu mwenzetu mmoja anaongeza: «Mutafute ya mazuti, haikuli sana.» Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Juma hili tuitazame nusu ya pili, kwa sababu makuta yanayoingia katika motokari ni yale yale ya masomo, ya dawa na ya unga.

Kwa nini mazuti inakula kidogo

Moteri ya esansi inahitaji cheche ya buji ili mafuta yawake. Moteri ya mazuti haina cheche. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa yenyewe inakuwa moto sana. Mazuti ikipulizwa ndani, inawaka peke yake. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyeitengeneza, na mwaka 1897 moteri yake ilipimwa na kuonekana kuwa inafanya kazi vema. Kwa sababu ya kubana huko, na kwa sababu litre moja ya mazuti ina nguvu zaidi kuliko litre moja ya esansi, inakwenda mbali zaidi kwa mafuta yale yale.

Lakini kubana kwa nguvu kunadai vyuma vizito, pompi ya mazuti yenye bei kali na batri kubwa. Kile unachokipata kwenye mafuta unaweza kukipoteza kwa fundi. Kwa hiyo swali la kwanza si «Bei ni ngapi?» Swali la kwanza ni «Nitatembea kilometa ngapi?»

Hesabu ya mama wawili

Tuseme motokari ndogo ya mazuti inakula litre 7 kwa kilometa 100, na ya esansi yenye ukubwa ule ule inakula litre 10.

Mama wa kwanza anakwenda Likasi mara mbili kwa juma. Kwenda ni kilometa karibu 120, kwenda na kurudi ni 240, mara mbili ni 480. Kwa mazuti atatumia litre karibu 34, kwa esansi litre 48. Anabakiza litre 14 kila juma, yaani zaidi ya litre 700 kwa mwaka. Huyo mazuti inamfaa.

Mama wa pili anatoka Katuba kwenda sokoni na kurudi, kilometa 8 kwa siku, siku tano. Ni kilometa 40 kwa juma. Kwa mazuti anatumia litre karibu 3, kwa esansi litre 4. Anabakiza litre moja tu! Pompi ikiharibika mara moja, itameza akiba ya miaka mingi. Huyo anunue ya esansi, au aendelee kulipa taksi na kuweka makuta yake katika biashara.

Chukueni bei ya litre ya leo kwenye kituo cha mafuta, mufanye hesabu hii kwa safari zenu wenyewe. Dakika kumi zinatosha.

Ya zamani au ya kisasa?

Motokari za zamani kama Peugeot 504 ya mazuti, au Mercedes-Benz 200 D na 240 D zilizotengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1980, zina pompi ya vyuma tu, bila ordinateri. Fundi wa mtaa anaweza kuifungua na kuifunga. Taabu yake ni umri: kutu, viti, freni, na vipande vya kubadilisha ambavyo havipatikani kila siku.

Za kisasa, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, zinakula kidogo zaidi na hazipigi kelele. Lakini zinasukuma mazuti kwa nguvu kubwa sana kupitia matundu madogo sana. Maji kidogo au vumbi kidogo ndani ya mazuti vinatosha kuziharibu. Nyingi zina pia chujio ya masizi katika bomba la moshi. Chujio hiyo inajisafisha wakati wa safari ndefu. Ukitembea mjini tu kwa vipande vifupi, inaziba. Ukikuta motokari ya kisasa kutoka Ulaya kwa bei ndogo kuliko kawaida, uliza: mwenyewe aliiachilia kwa sababu gani?

Tutazame pia usukani. Motokari nyingi zinazopita Dar es Salaam na Zambia zina usukani upande wa kuume, kwa sababu kule watu wanatembea upande wa kushoto. Sisi tunatembea kuume. Ukiwa nyuma ya lori ya madini na unataka kuipita, macho yako yako upande usiofaa. Kabla ya kulipa, pitia kwenye ofisi ya uchukuzi, uulize kama motokari ya namna hiyo itaandikishwa.

Asubuhi ya kutazama motokari

Nenda asubuhi, moteri ikiwa bado baridi, pamoja na fundi wako. Usikubali fundi wa muuzaji. Mwambie muuzaji mapema asiwashe. Ukifika, weka mkono juu ya kifuniko cha moteri. Kama kina joto, rudi siku nyingine. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba ndizo zinazosema ukweli, kwa sababu mazuti inawaka kwa shida moteri ikiwa baridi na buji za kupasha moto zikiwa zimechoka.

Tazama moshi. Mweusi mwingi maana yake mazuti haiungui vema: chujio ya hewa imeziba, au pompi na vipulizio vimeharibika. Wa buluu maana yake moteri inaunguza mafuta yake ya kulainisha. Mweupe unaotoka hata baada ya moteri kupata moto, na maji ya radiatere yanapungua, unaonyesha maji yanaingia ndani ya moteri. Hiyo ni kazi kubwa, usinunue.

Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri. Ukikuta povu jeupe kama maziwa mazito, maji na mafuta vimechanganyika. Lakini usiogope mafuta meusi: moteri ya mazuti inayachafua upesi hata yakiwa mapya.

Uliza juu ya mkanda unaounganisha sehemu za moteri. Ukikatika safarini, moteri inaweza kuvunjika ndani mara moja. Kama muuzaji hana karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu mkanda mpya ndani ya bei. Mercedes za zamani tulizotaja zina mnyororo, na mnyororo unadumu zaidi.

Usiamini namba ya kilometa peke yake, kwa sababu inaweza kurudishwa nyuma. Tazama usukani, kiti cha dereva na mpira wa pedali. Vikiwa vimelika sana na namba ni ndogo, kuna uongo.

Jina la nani kwenye karatasi?

Hapa ndipo wamama wengi wanapoumia. Makuta yanatoka kwa mama, karte roze inaandikwa jina la shemeji au la dereva «kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo ya magari». Siku mwenye jina akifa, au akigeuka, mama anabaki na daftari la kitemo mkononi na motokari inaondoka.

Zamani Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana yake kwa mapatano mengi ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo; sasa bibi na bwana wanapaswa kupatana wote wawili. Kwa hiyo zungumzeni nyumbani, mupatane, halafu jina la mwenye makuta liandikwe bila woga. Kama ni motokari ya kikundi, mapatano yaandikwe, kila mmoja atie sahihi na kiasi alichotoa, na kila mmoja abaki na nakala.

Linganisha namba iliyochongwa kwenye chasi na ile ya kwenye karatasi. Dai karatasi za dwani. Asiranse ni ya lazima. Tangu sheria ya bima ya 2015, SONAS haiko peke yake tena, basi linganisheni bei.

Kuitunza

Ukiwa na sehemu kumi za makuta, nunua motokari ya sehemu saba. Tatu zilizobaki ni za mafuta mapya, machujio, mkanda, batri na freni. Badilisha mafuta ya moteri kila kilometa 5 000 ikiwa ni moteri ya zamani. Toa maji chini ya chujio ya mazuti mara kwa mara, zaidi sana masika, na usinunue mazuti ya bidoni kando ya barabara. Mtu akitia esansi kwa makosa, usiwashe hata mara moja. Tangi isafishwe kwanza.

Tena, usiache moteri iunguruma ndani ya lupango karibu na jiko au watoto. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Ulimwengu walithibitisha kwamba moshi wa dizeli unaleta kansa.

Andikeni kila litre na kila kilometa katika daftari ya shule. Litre zikiongezeka na safari ni zile zile, moteri inaumwa, au kuna mkono unaonyonya tangi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya kuzungumza katika kikundi

1. Kila mmoja wetu anatembea kilometa ngapi kwa juma?
2. Motokari tulizo nazo zimeandikwa jina la nani?
3. Nani atashika daftari, na nani atalichungua kila mwisho wa mwezi?